Nimesahau unga, sijasahau kazi

Wadau, juzi nilibandika maji ya ugali, nikakimbilia dukani kununua unga. Nikarudi na vocha ya simu! Maji yamekauka, sufuria limeungua, na mtoto tumboni anarusha mateke kama vile ananicheka. Nami nikacheka hadi nikakaa chini.

Kazini nako nilimhoji mzee wa watu nusu saa nzima, kumbe sijabonyeza kitufe cha kurekodi. Bahati nzuri nilikuwa naandika kwenye daftari.

Wajawazito wengi wanayajua haya. Usiku unaamka kwenda msalani mara nne, asubuhi kichwa kitulie vipi? Utafiti uliochapishwa Desemba 2016 katika jarida la Nature Neuroscience ulionyesha kuwa ubongo wa mama hubadilika kweli, na mabadiliko hudumu angalau miaka miwili. Lakini watafiti walipowapima kina mama hao kumbukumbu, hawakukuta imeshuka.

Kwa hiyo utani naupokea. Ninachopinga ni utani kugeuzwa uamuzi. Wiki iliyopita kikaoni mtu akasema nisipewe habari ya bajeti, eti nitasahau tarakimu. Watu wakacheka, habari akapewa kaka mmoja aliyesahau kompyuta yake kwenye daladala. Yeye sijui ana mimba ya miezi mingapi!

Nichekeni, ruksa. Ila kazi yangu niachieni. Daftari ninalo hapa. Kalamu ndiyo sijui nimeiweka wapi.