Mkato Si Mizani

Wapo wanaoamini kwamba asiyeona akishapewa kompyuta yenye sauti, haki yake ya kusoma imetimia. Alama za uakifishaji, wadai, ni mambo ya macho. Mashine izitamke zote au izifute zote, mradi maneno yasikike. Rai hiyo ni potofu, na kwa ushairi ni balaa.

Utazamwe mshororo wa mizani 16, nane ukwapi na nane utao, kila kipande kikifungwa kwa mkato. Programu ya kusoma skrini ikiamriwa kutaja kila alama, hutamka "mkato" mara mbili. Neno hilo lina mizani tatu. Mshororo wa 16 umekwisha kuwa wa 22, na kila kina kimefunikwa na jina la alama. Alama zikifutwa pamoja na pumziko lake, ukwapi humwagikia utao na shairi huwa gumzo. Aliyesoma *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Amri Abedi, iliyotoka mwaka 1954, atazitambuaje sheria hizo kwa sikio?

Dawa ipo, wala haiuzwi. NVDA, programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, hutolewa bure. Ndani yake msomaji huchagua alama zipi zitajwe: baadhi, nyingi, zote, au pasiwe na hata moja. Kila alama huweza kupewa jina jingine, na msomaji huamua kama alama yenyewe ipelekwe kwenye sauti ili izae pumziko badala ya neno. Mtunzi asiyeona anapohariri huhitaji kusikia kila alama. Anapolisoma shairi huhitaji pumziko tu. Vitufe viwili humvusha kutoka hali moja hadi nyingine.

Hasara haiishii kwenye mizani. Kuna ritifaa, alama ndogo ambayo Kiswahili kimeipa kazi ya herufi. "Ng'oa" ni kutoa kitu na mzizi wake. "Ngoa" ni wivu na tamaa, neno ambalo washairi wa pwani wamelienzi. Ritifaa ikitamkwa kwa jina, neno hukatika vipande viwili. Ikifutwa, mche unaong'olewa hugeuka mapenzi. Mtu wa Unguja atalikosa jina la Ng'ambo, mtaa wa mjini kwake. Na huko bara, Machochwe wilayani Serengeti, mkoani Mara, katika nchi ya wafugaji, atakayelikosa neno "ng'ombe" amekosa mali, mahari na nusu ya mazungumzo ya siku. Wahariri nao wana sehemu ya lawama: leo hupiga ritifaa iliyonyooka, kesho iliyopinda, na mashine huziona kuwa alama mbili tofauti.

Watetezi wa uzembe husema: asiyeona asomewe na mwenye macho. Kusomewa ni hisani njema, lakini asomewaye hungoja nafasi ya mwingine, wala hawezi kuurudia ubeti mmoja mara kumi usiku wa manane. Tena, nani aliyesema ushairi huu ni wa macho? Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilikaa vifuani mwa watu kabla ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor kuzikusanya mwishoni mwa karne ya 19. Katika miswada ya tenzi kwa hati ya Kiarabu, vipande vilitengwa kwa alama ambazo msomaji hakuzitamka. Alizitii kwa pumzi.

Basi BAKITA na BAKIZA watoe orodha moja ya majina ya alama kwa Kiswahili, na kanuni ya kuzisomea tungo. Walimu wa kompyuta wasiishie kufundisha kuiwasha mashine. Wafundishe pia kuitiisha. Nao wachapaji wachague ritifaa moja na kuishika. Hadi hayo yafanyike, asiyeona ataendelea kupewa maneno ya shairi na kunyimwa shairi lenyewe.