Mwasho Huu Watoka Wapi?

Ziko nyumba ambamo mtu hujikuna usiku kucha, mwezi baada ya mwezi. Jirani asema ni damu chafu, mwingine asema amerogwa, na muuza dawa wa sokoni ana krimu yake tayari. Hakuna aliyeuliza chanzo.

Daktari mwenye busara huanza kwa macho na maswali. Wakiwashwa watu wote wa nyumba, naye akaona vijia vyembamba katikati ya vidole, huo ni upele. Watibiwe wote siku moja, wala hapana haja ya vipimo vya fedha nyingi.

Lakini hapa Kolwezi liko jambo jingine. Nchi yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na kobalti, kama nikeli, yaweza kuiudhi ngozi ya mtu aishikaye. Tangu 2014 watu wa mtaa wa Kasulo walichimba hata chini ya nyumba zao. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba mkojo wa wakazi wale, hasa watoto, ulikuwa na kobalti nyingi kuliko wa watu wa mtaa wa karibu usiochimbwa. Tuangalie vema hapo. Kipimo cha mkojo chaonyesha kwamba kobalti imeingia mwilini; hakisemi kwamba ndiyo ikuwashayo. Mtu aweza kulipa fedha zake akarudi na karatasi isiyojibu swali lake.

Kijibucho ni kipimo cha kubandika, alichokieleza daktari Josef Jadassohn mwaka 1895. Kobalti kidogo, nikeli na vitu vingine hubandikwa mgongoni. Baada ya saa 48 hubanduliwa na ngozi hutazamwa, kisha hutazamwa tena siku moja au mbili baadaye, maana ngozi nyingine huchelewa kujibu. Katika ngozi nyeusi wekundu hujificha, basi mpimaji apapase uvimbe kwa kidole. Naye apakaye mgongoni krimu za kung'arisha ngozi, ambazo nyingi zina kortizoni, amwambie daktari mapema: huficha jibu.

Na ajikunaye bila kipele chochote, huyo apimwe damu, kwa kuwa figo, ini na upungufu wa chuma huwasha pia. Akiwa na macho ya manjano, au amekonda, asingoje juma lijalo.