REDIO ZA RIDHAA ZIPEWE NAFASI YAKE

Kimbunga Hidaya kilipotua Kisiwani Mafia tarehe 4 Mei, 2024, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimekwisha kusimamishwa. Siku nane baadaye nyaya zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota katika sehemu kubwa ya nchi. Matukio hayo mawili hayakuhusiana, lakini yote yanamwuliza mwananchi wa visiwani swali moja: siku ambayo bahari imefungwa na simu imenyamaza, nani atapeleka habari?

Swali hilo haliwahusu watu wa visiwani peke yao. Matamba, Wilayani Makete katika Mkoa wa Njombe, iko mbali kabisa na bahari. Hata hivyo, mvua ikiiharibu ile barabara ya kona zaidi ya 50 inayopanda kutoka Chimala, na umeme ukikatika, shida ya Matamba na ya Pemba huwa moja. Simu ya mkononi hutegemea mnara, na mnara hutegemea umeme na mnara mwenziwe. Kimoja kikianguka, maelfu ya simu nzima huwa hazina kazi.

Redio ya ridhaa haina utegemezi huo. Mwenye leseni, aliyejifunza kazi hii kwa mapenzi yake wala si kwa faida, huhitaji chombo cha wati 100, betri ya gari na waya uliofungwa baina ya miti miwili. Mawimbi mafupi hupanda hadi tabaka za juu za anga na kurudishwa ardhini, hata mtu wa Matamba aweze kusikilizana na mwenziwe wa Pemba, zaidi ya kilomita 700, bila mnara wowote katikati.

Ushahidi upo. Tarehe 26 Desemba, 2004, tsunami iliyoua watu hata katika pwani yetu ilivipiga visiwa vya Andaman vya India. Bi. Bharathi Prasad alikuwa Port Blair na wenzake kwa shughuli za redio za ridhaa. Simu zilipokatika, stesheni yao ikawa njia ya habari kati ya visiwa na bara. Mwaka 2017, baada ya kimbunga Maria kukiangamiza kisiwa cha Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba wanaredio wa ridhaa 50 waende kusaidia.

Hatusemi kwamba redio hizi ni dawa ya kila msiba. Meli ya Spice Islander, iliyozama karibu na Nungwi mwezi Septemba 2011, ilikuwa imejazwa abiria kupita kiasi, na hilo haliponywi na redio. Tunachosema ni kwamba baada ya msiba kutokea, saa za mwanzo ndizo ziokoazo roho, nazo hupotea pasipo habari.

Wapo maofisa wanaohofia usalama. Hofu hiyo ina majibu. Kila mwenye leseni ana alama yake ya wito, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H. Kanuni za kimataifa humkataza kuficha maana ya maneno yake. Kanuni hizo hizo, tangu 2003, zinazihimiza serikali ziwawezeshe wanaredio hao kujiandaa kwa maafa.

Kwa hiyo tunaishauri Mamlaka ya Mawasiliano ihakikishe kwamba ada ya leseni haimshindi mwalimu wa kijijini. Kamati za maafa za wilaya, Bara na Visiwani, zimtambue mwanaredio kuwa mjumbe wake, na shule za sekondari zifundishe vijana kazi hii. Aidha, kabla ya kila masika pafanyike zoezi: simu zote zizimwe, na taarifa ifike makao makuu kwa redio tu. Wilaya itakayoshindwa zoezi hilo itakuwa imejua upungufu wake mapema, kabla ya kuuona siku ya mazishi.