Simu Yako Inakusemesha Lugha Gani?

Mabishano ya iPhone na Android yamenichosha. Mmoja anasema kamera, mwingine anasema chaji, wa tatu anasema eti mwenye Tecno hana hadhi ya kuombwa namba. Watu wanabishana saa nzima, na hakuna hata mmoja anayeuliza swali ambalo mimi, mwandishi wa habari ninayekula kwa Kiswahili, naliona ndilo la kwanza: simu yenyewe inakusemesha kwa lugha gani?

Niseme msimamo wangu mapema tusipotezeane muda. Kwa mtu anayesoma na kuandika Kiswahili, chaguo ni Android, na sababu si bei. Android inazungumza Kiswahili, iPhone haizungumzi.

Hebu chukua simu ya Android, iwe ya laki mbili au ya milioni tatu. Ingia kwenye sehemu ya lugha, chagua Kiswahili. Simu nzima inageuka. Utakutana na Mipangilio, Arifa, Ghairi, Nakili, Bandika. Tangu 2017 Google iliongeza Kiswahili pia kwenye kuandika kwa sauti, kwa hiyo unaweza kuongea na maneno yakajiandika. Kwangu mimi, ninayerudi kutoka kwenye mahojiano na mikono imechoka, hilo peke yake ni kubwa.

Sasa chukua iPhone. Kibodi ya Kiswahili ipo, na eneo unaweza kuliweka Tanzania. Lakini menyu zinabaki Kiingereza, na Siri ukimwongelesha Kiswahili hakuelewi. Katika lugha ambazo mfumo wenyewe umetafsiriwa kuna Kifini, Kikroeshia na Kikatalani. Wafini hawafiki milioni 6. Wasemaji wa Kiswahili, kwa hesabu ya UNESCO, ni zaidi ya milioni 200. Lugha iliyotengewa siku yake duniani, tarehe 7 Julai, haina nafasi kwenye simu ambayo baadhi ya wanaoipigia hotuba siku hiyo wameishika mkononi.

Najua jibu linalokuja: ni biashara tu, Apple wanaangalia soko. Sawa kabisa, na hapo ndipo ugomvi wangu unapohama kutoka California na kurudi kwetu. Kampuni inaweka lugha pale mteja anapoidai, au pale inapoona kwamba bila lugha hiyo haitauza. Sisi tunainunua hivyo hivyo kwa Kiingereza, tena wengine tunakopa ili tuinunue, halafu tunapiga picha kwenye kioo ili tufaa lionekane. Mfanyabiashara gani atahangaika kutafsiri kitu ambacho mteja anakifurahia bila tafsiri?

Hata ugomvi wenyewe wa hadhi tumeuazima. Kule Marekani una mizizi yake: meseji ambayo mwenye iPhone anamtumia mwenye Android inatokea kwenye iPhone yake kwa rangi ya kijani badala ya bluu, na vijana wanachekana kwa hilo. Mwaka 2024 serikali yao iliishtaki Apple kwa madai ya kuhodhi soko, na suala la meseji lilikuwa mojawapo ya hoja. Huku kwetu kila mtu yupo WhatsApp, ambako meseji ya mwenye itel na ya mwenye iPhone zina rangi moja. Tumechukua dharau ya watu bila hata sababu yao.

Tukumbuke pia kwamba mapinduzi makubwa ya simu Afrika Mashariki hayakuhitaji mfumo wowote kati ya hii miwili. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. iPhone ya kwanza iliingia madukani Marekani Juni mwaka huohuo, na simu ya kwanza ya Android ikatoka 2008. Mama muuza samaki wa Feri alijifunza kutuma na kupokea pesa kwenye kiswaswadu, kwa kubonyeza namba na kusoma menyu ya Kiswahili. Huduma ilimfuata kwa lugha yake, akaielewa, akaitumia.

Mtu atasema lugha ya menyu ni jambo dogo. Mimi nimeona si dogo. Shangazi yangu yupo Morogoro, Kiswahili anasoma vizuri, Kiingereza hapana. Simu yake ya Android alianzishiwa na kijana wa dukani kwa Kiingereza, ikabaki hivyo. Siku moja akapakua programu ya mikopo. Simu ikamuuliza kwa Kiingereza kama anairuhusu ifikie orodha ya watu wake. Akabonyeza kukubali, kama alivyokuwa akibonyeza kukubali kila kitu. Alipochelewesha marejesho, watu wake wakaanza kupokea meseji za kumtangaza tapeli: mchungaji wake, wanawe, mpaka mwalimu wa mjukuu wake. Alinipigia akilia, "Mwanangu, namba za watu wamezitoa wapi?" Alikuwa amewapa mwenyewe, kwa lugha asiyoijua.

Yaliyompata yamewapata wengi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hatua nzuri. Lakini mlango wa kwanza ni kile kidude cha "Ruhusu", na mtu hawezi kulinda mlango ambao hajui kama ni mlango. Nilipokwenda nikaigeuza simu yake kuwa ya Kiswahili, ilichukua dakika moja. Siku hizi ananiuliza, "Hii inataka kusikiliza maikrofoni yangu, ya nini?" Nami namjibu, "Kataa, shangazi."

Sasa haki itendeke. iPhone inaishi muda mrefu: iPhone 11 ya mwaka 2019 ilipata mfumo mpya wa iOS 26 mwaka 2025. Simu nyingi za bei nafuu za Android husahaulika mapema, na nyingine zinakuja zimejazwa matangazo na programu usizoziomba. Samsung na Google zinaahidi miaka saba ya masasisho, lakini kwa simu kama Galaxy S24 na Pixel 8, ambazo si za kila mfuko. Wala Google si ndugu yetu. Anaishi kwa matangazo, na anataka kutujua ili atuuzie. Asiyetaka kuchunguzwa ana hoja anapokimbilia iPhone. Hoja hizo nazikubali zote. Ninachokataa ni mtu kuziorodhesha hizo, akaacha lugha nje, halafu akajiita mpenzi wa Kiswahili.

Kuna lalamiko jingine nalisikia, hasa kwa waandishi wenzangu: Kiswahili cha kwenye simu ni cha ajabu. "Hali ya ndegeni", "mtandao-hewa", nani anaongea hivyo? Ni kweli, mengine yanakwaruza sikio. Lakini kumbukeni "kishikwambi". Watu walilicheka neno lile sana. Ikaja sensa ya 2022, makarani wakapita mitaani navyo nyumba kwa nyumba, na leo mwalimu wa shule ya msingi anasema kishikwambi chake kimeisha chaji bila kucheka. Neno linazoeleka likiwa na kazi ya kufanya. Baya likitumika nalo linapata wa kulilalamikia, na likilalamikiwa linarekebishwa. Sasa sisi wenye kazi ya maneno tumeweka simu zetu Kiingereza, nani atamwambia mtafsiri kwamba amekosea?

Kwa hiyo, kama una Android, igeuze leo. Haikugharimu hata bando. Wiki ya kwanza utapapasa kidogo, ya pili utazoea. Geuza na ya mama, na ya jirani anayebonyeza kukubali asichokisoma. Kama una iPhone, sikwambii uiuze. Apple wana ukurasa wa kupokea maoni ya wateja. Waandikie, na mwandike wengi, kwamba mmelipa bei ileile anayolipa Mfini na mnataka alichopewa Mfini. Na kama ndiyo kwanza unajikusanya ununue simu, muulize muuzaji swali hilo kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi.