Chokaa Ghalani na Wajibu wa Karani

Katika vitu vipitavyo mikononi mwa makarani kila mwaka bila kutazamwa mara mbili, chokaa ni kimojawapo. Huletwa kwa magunia, huandikwa katika leja, hulazwa pembeni mwa ghala, kisha hutolewa pale shule, zahanati au nyumba ya mtumishi inapotaka kupakwa. Khasa hutafutwa kwa haraka mgeni mkubwa anapotarajiwa, na hapo hata mawe ya kando ya njia na mashina ya miti hupata fungu lake. Kwa kuwa ni nyeupe na bei yake si kubwa, watu wengi huidhania kuwa ni kitu kisicho na madhara. Sisi twaona kwamba dhana hiyo ndiyo mlango wa madhara yenyewe. Twapenda kusema leo mbele ya wanachama wote kwamba chokaa haipaswi kutoka ghalani peke yake. Kila hati itoayo chokaa na itoe pamoja nayo miwani ya kukinga macho, glavu, na chombo cha maji safi ya kuoshea. Vitu hivyo vikikosekana, chokaa nayo na ingoje.

Ili neno letu lisidhaniwe kuwa ni la kutia watu hofu bure, yafaa kwanza tueleze chokaa ni kitu gani. Jiwe la chokaa, au matumbawe ya pwani, likichomwa katika tanuri kwa moto wa kadiri ya digrii 900 za sentigredi, hutoa hewa iliyokuwa imefungwa ndani yake na kupungua uzito. Katika kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 tu. Kibakicho ni chokaa isiyozimwa, nayo ina kiu kubwa. Ikipata maji huyanywa kwa nguvu, huvimba, huchemka, na hutoa joto liwezalo kuwasha majani makavu au karatasi zilizo karibu. Kilo 56 hizo hunywa kilo 18 za maji na kuwa kilo 74 za unga laini. Huo ndio chokaa iliyozimwa, ambayo aghalabu ndiyo tuipokeayo katika magunia ya karatasi.

Basi wako wasemao kwamba maadam imezimwa, imekufa. La, sivyo. Kilichozimwa ni moto wake, wala si ukali wake. Maji yaliyoshiba chokaa hufika pH 12.4, ambapo maji safi ni 7. Tindikali nyingi zikigusa mwili huunguza ngozi ya juu na mara nyingi hukomea hapo, lakini ukali wa chokaa huyeyusha nyama na kuendelea kuchimba ndani. Punje yake ikiingia jichoni hujificha chini ya kope la juu, ikaunguza kidogo kidogo, hata kioo cha jicho kikafifia na mtu asione tena. Juu ya ngozi nayo ni adui wa siri. Chokaa yenye maji haichomi papo hapo kama kaa la moto. Kibarua aweza kufanya kazi tangu asubuhi suruali yake imelowa, asisikie kitu, na jioni avuapo ndipo aonapo ngozi ya magoti imetoka.

Tena yatupasa kutazama ni nani apatwaye. Si sisi tulio nyuma ya meza. Ni kibarua wa siku, ambaye jina lake halimo katika orodha ya mishahara ya mwezi, bali limo katika daftari la mahudhurio tu. Akiumia jicho leo, kesho hayupo kazini, na asiyekuwapo hukatwa kwa mstari mmoja wa wino. Mstari huo hutiwa na karani. Twaona si haki kalamu yetu iwe hodari wa kumfuta mtu na iwe nzito wa kumwandikia miwani.

Wapo watakaotujibu kwamba karani si fundi, na kwamba usalama wa kazi ni juu ya mnyapara au mwashi. Neno hilo lina kweli ndani yake, kwani fundi naye ana wajibu wake, na msimamizi ana wake mkubwa zaidi. Lakini mafundi huja na kuondoka, na wenye kandarasi hubadilika kila mwaka, hali leja hukaa pale pale. Hapana gunia litokalo ghalani bila sahihi yetu. Mahali ambapo kila gunia hupita ndipo mahali pa kuweka mlinzi.

Wengine husema kwamba wazee wetu walijenga kwa chokaa bila miwani wala glavu, na majengo yao yangalipo. Ni kweli kwamba Kilwa Kisiwani, Gedi na Lamu zimesimama kwa matumbawe na chokaa, na Husuni Kubwa ya Kilwa ni ya tangu karne ya 14. Lakini wazee hao walikuwa na kitu ambacho sisi tumekiacha, nacho ni subira. Walichoma matumbawe juu ya chungu ya magogo, kisha chokaa ikaachwa kwa miezi, ikanywa mvua na umande, hata joto lake likaisha kabla ya kuguswa na mwashi. Warumi nao, kama alivyoandika Pliny katika karne ya 1, walikuwa na sheria ya zamani iliyomkataza mjenzi kutumia chokaa isiyotimiza miaka 3. Sisi leo tunataka gunia lifike asubuhi na ukuta uwe mweupe jioni. Tulirithi chokaa tukaiacha subira, kwa hiyo hatuwezi kuwafanya wazee kuwa mashahidi wetu.

Sasa tuseme juu ya ghala lenyewe. Neno la kwanza ni ukavu. Ghala lenye bati linalovuja si mahali pa chokaa, na kabla ya masika paa na litazamwe. Magunia ya chokaa iliyozimwa yapangwe juu ya mbao, mbali na sakafu na mbali na ukuta, wala yasizidi kimo cha kifua, ili mtu asiangukiwe na gunia likapasuka usoni pake. Chokaa isiyozimwa, kama ipo, ikae katika mapipa makavu ya chuma yenye vifuniko visivyopitisha maji. Maji yakipenya ndani ya pipa lililofungwa, chokaa huvimba na pipa laweza kupasuka. Isikae karibu na petroli, majani, tindikali ya betri, wala, kama tulivyozoea kufanya katika ofisi zenye nafasi ndogo, karibu na majalada ya zamani. Tena isiwe chumba kimoja na chakula. Unga wa chokaa na unga wa muhogo havitofautiani sana mbele ya macho ya mtu mwenye haraka, na gunia lililochukua chokaa lisirudi kuchukua kitu cha kuliwa.

Neno la pili ni tarehe. Kila gunia liandikwe siku lilipopokewa na kama ni chokaa iliyozimwa au isiyozimwa, na lililotangulia kuingia ndilo litangulie kutoka. Chokaa iliyozimwa ikikaa wazi hunywa hewa na kurudi kuwa kama jiwe lilivyokuwa kwanza, isishike ukuta. Hapo serikali imepoteza fedha, na lawama itamwangukia mwenye leja. Lakini ile iliyokorogwa kuwa uji mzito na kufunikwa kwa maji haiharibiki, bali huzidi kuwa njema. Shimo lake tu lifunikwe vizuri na kuzungushiwa ua, asije mtoto au mbuzi akatumbukia.

Neno la tatu ni kuzima. Mtu atakayezima chokaa na atie chokaa ndani ya maji baridi, kidogo kidogo, wala asimwage maji juu ya chungu ya chokaa, kwa maana itamrukia usoni. Chombo kiwe cha chuma, kipana, kisijazwe kupita nusu. Sufuria za alumini hazifai hata kidogo, kwani chokaa yenye maji huzila na kutoa hewa iwakayo moto. Na kama chokaa isiyozimwa imewasha moto ghalani, maji kidogo yatazidisha balaa. Katika karne ya 19 merikebu zilizochukua chokaa katika jimbo la Maine, Marekani, zilipowaka kwa sababu ya maji yaliyovuja ndani, mabaharia hawakuthubutu kumwaga maji juu yake. Waliziba kila tundu la chombo ili moto ukose hewa, wakangoja.

Ajali ikitokea, hapana wakati wa kutafuta kitabu, kwa hiyo twaomba maneno haya yabandikwe mlangoni pa kila ghala. Chokaa ikiingia jichoni, asipikiche. Aoshwe papo hapo kwa maji safi mengi, kope zikiwa zimefunuliwa, kwa muda usiopungua dakika 20, kisha apelekwe hospitali, na njiani aendelee kuoshwa. Asitiwe mafuta, maziwa, siki wala ndimu. Chokaa kavu ikiwa juu ya ngozi, ipanguswe kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha ngozi ioshwe kwa maji mengi. Nguo iliyolowa chokaa ivuliwe mara moja.

Haya tusemayo si fadhila ya kuombwa. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007, nazo zamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Lakini sheria haina mikono. Mikono yake ni watu kama sisi, wenye kujaza hati na kutia sahihi.

Tunajua kuna msemo kwamba ajali haina kinga. Msemo huo ni faraja kwa aliyefikwa na jambo lisilojulikana. Hauwi udhuru kwa mwenye kujua. Jicho lililoharibiwa na chokaa lilikuwa na kinga, na kinga hiyo ingaliweza kuandikwa katika mstari wa pili wa hati ile ile iliyotoa gunia.

Basi twapendekeza kwamba kila tawi la chama lijadili jambo hili katika mkutano wake ujao, na kwamba makarani wa ghala wakubaliane kutotia sahihi hati ya chokaa isiyo na miwani, glavu na maji. Mkubwa akiuliza kwa nini kazi imechelewa, na ajibiwe kwa adabu kwamba kazi haikukataliwa, ila inangojea vifaa vyake. Ukuta waweza kungoja siku mbili ukapakwa. Wenzetu wenye maoni mengine na wayalete, nasi tutayasoma kwa heshima.