Nani Alitundika Pampu Angani?

Mwaka 1751 Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alifika Cape Town, akapima nyota za kusini karibu 10,000, akabuni makundi 14 mapya. Majina yenyewe? Tanuri, saa, hadubini, pampu ya hewa. Karakana nzima ya Ulaya ikatundikwa juu ya Wakhoikhoi, watu waliokuwa na majina yao ya nyota. Atlasi ya Bode ikayachapa Berlin mwaka 1801. Hadi leo pampu iko huko, rasmi kabisa.

Hesabu za Lacaille naziheshimu. Lakini tusidanganyane: kupima si kugundua. Nasi tunalo jembe letu juu: Kilimia, kutoka kulima, nyota zilizowapa wakulima msimu. Eti siku hizi ni Pleiades tu? Mimi nakataa. Jina lisilotajwa hufa.