Mzigo wa Mwenzio

Katika siasa za Marekani kuna imani inayosikika kama busara: ulinzi wa kompyuta za mji ni shauri la mji wenyewe, na kuupelekea fedha kutoka Washington ni kuudekeza. Machi 2025 imani hiyo ilipigwa muhuri, Rais Donald Trump aliposaini amri inayotaka maandalizi ya maafa, mashambulizi ya mtandaoni yakiwemo, yabebwe zaidi na majimbo, serikali za mitaa na hata raia mmoja mmoja. Wahenga walikwisha kuwajua wasemaji wa aina hii: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi kumtwisha mtu kitu ambacho wewe hujawahi kukiinua. Na mji mdogo unatwishwa nini hasa? Unaambiwa usimame peke yake mbele ya magenge ya kimataifa na majasusi wa dola za kigeni.

Tazama Aliquippa, mji mdogo wa Pennsylvania. Novemba 2023 mafundi wa mamlaka ya maji walikuta kioo cha mtambo unaoongoza pampu ya kupeleka maji vitongoji vya jirani kimejaa ujumbe wa vitisho. Mtambo ulikuwa wa kampuni ya Israel, Unitronics, na walioudukua ni kikundi ambacho serikali ya Marekani inakihusisha na Jeshi la Walinzi wa Mapinduzi la Iran. Mafundi waliuzima, wakaendesha pampu kwa mkono. Siku chache baadaye CISA, wakala wa shirikisho wa usalama wa mtandao, uliwaonya wenye mitambo ya aina hiyo nchi nzima wabadilishe nywila iliyotoka nayo kiwandani. Nywila yenyewe ilikuwa 1111. Ni rahisi kucheka hapo, na kuwaita watu wa maji wazembe. Kubadilisha nywila ni kazi ya dakika moja, lakini kabla ya dakika hiyo lazima awepo mtu aliyeajiriwa kujua kwamba mtambo ule umeunganishwa na intaneti. Mamlaka ndogo ya maji huwa na mtu wa mabomba, mtu wa dawa na mtu wa ankara. Mtu wa nne hayupo kwa sababu mshahara wake haupo.

Wanaosema kila mji na lwake hujibu kuwa mji usiojilinda na uumie wenyewe. Laiti maumivu yangeishia mpakani. Agosti 2019 serikali za mitaa zaidi ya 20 za Texas zilishambuliwa kwa mpigo asubuhi moja, kwa kupitia kampuni moja ya nje iliyokuwa ikizihudumia kompyuta za serikali hizo. Aliyeingia kwa mtunza funguo aliingia kwa wenye nyumba. Wahalifu walidai fidia ya dola milioni 2.5 ili wazifungue na hawakupata kitu, maana jimbo lilikuwa na mpango ulioandikwa kabla ya siku ya shida. Lilituma wataalamu na askari, na ndani ya wiki moja kazi ya dharura ikawa imekwisha. Miezi miwili kabla ya hapo, kule Florida, miji iliyofungiwa kompyuta iliachwa ijiamulie. Riviera Beach ilikubali kulipa bitikoini 65, karibu dola 600,000 kwa thamani ya wakati ule, na siku chache baadaye Lake City ikakubali kutoa 42. Genge lililolipwa haliendi kustaafu. Linanunua zana kali zaidi na kwenda kubisha hodi mji unaofuata, kwa hiyo mji uliokosa ulinzi huwachangia wezi mtaji wa kuwaibia majirani.

Lakini hoja inayowagusa wengi ni ya mfukoni: kwa nini mlipa kodi wa Iowa alinde kompyuta za Baltimore? Basi na tupige hesabu. Mei 2019 wezi walizifunga kompyuta za Baltimore wakadai bitikoini 13, kama dola 76,000. Mji ulikataa, na ulifanya vyema. Hata hivyo barua pepe zilikatika, mauzo ya nyumba yakakwama, ankara za maji zikachelewa, na hasara yote ikakadiriwa kufika dola milioni 18. Isitoshe, mji ukielemewa, wa nje huitwa tu. Julai 2025 Saint Paul, mji mkuu wa Minnesota, ulidukuliwa ukalazimika kuzima mifumo yake. Gavana Tim Walz aliita askari wa Walinzi wa Taifa, na wafanyakazi wa mji wapatao 3,500 wakapangiwa kufika ukumbini wenyewe, kuthibitishwa na kubadilishiwa nywila mmoja baada ya mwingine. Waliokataa kuchangia kufuli waliishia kuchangia kuijenga nyumba upya.

Je, ruzuku inadekeza? Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola bilioni 1 za ulinzi wa mtandao kwa miaka minne, asilimia 80 ziende serikali za mitaa na robo ya fungu iwafikie watu wa vijijini. Marekani ina serikali za mitaa zipatazo 90,000, ukihesabu na bodi za shule na za maji. Gawanya mwenyewe: haifiki dola 3,000 kwa mwaka kwa kila moja, fedha isiyomlipa mtaalamu hata mshahara wa mwezi. Hakuna aliyewahi kudekezwa kwa posho hiyo. Lawama yenye uzito ni nyingine, kwamba fedha hizi huishia kwenye programu zenye leseni ya mwaka mmoja, na leseni ikiisha mlango unabaki wazi. Lawama hiyo naikubali, ila wa kulaumiwa ni aliyepanga. Fedha yenye tarehe ya kufa haiwezi kuajiri mtu, inanunua kitu. Ingefanywa ya kudumu, ikapewa vikosi vya jimbo vinavyohudumia miji mingi kwa pamoja, kama Texas, ingekuwa na mtu wa nne wa Aliquippa ndani yake. Badala yake sheria iliwataka wapokeaji wachangie asilimia 10 ya gharama mwaka wa kwanza, kisha kiwango kikaongezwa asilimia 10 nyingine ya gharama kila mwaka, kana kwamba mji maskini hutajirika kwa kufuata kalenda. Mwaka 2025, ule ule ambao wafanyakazi wa Saint Paul walipanga foleni, fungu la nchi nzima lilikuwa dola milioni 91.7, dogo kuliko yote manne, na mchango uliodaiwa ulikuwa mkubwa kuliko yote: asilimia 40.